Sifa za Wimbo Ulioachwa

Gazeti la Jumanne lilimfikia Kumudini Tamhane likiwa limekwisha kusomwa na nyumba nzima. Ndivyo ilivyokuwa siku zote katika ile nyumba kuukuu ya kupanga pale Pune. Muuza maziwa alilipitia kwanza, akafuata mwalimu mstaafu wa chini, halafu wajane wawili wa ghorofa ya kwanza, na mwenyewe aliyeandikwa ndani yake akalipata mwisho, limekunjamana na lina duara la kikombe cha chai.

"Haya, malkia, amka," alisema Godu Maushi akiingia bila kubisha hodi. Bibi huyu, ambaye wote walimwita Maushi, yaani mama mdogo, ndiye aliyekuwa mvishaji wa kampuni yao ya michezo ya nyimbo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimfunga Kumud sari ya yadi tisa, akimbandika nywele za bandia na kumkaripia kama mwanawe wa kumzaa. "Mtu wako leo kakumwagia sifa mpaka mimi nimeona haya."

"Si mtu wangu, Maushi."

"Haya, si mtu wako. Mtu wa gazeti. Nisome au nisisome?"

"Soma."

Kumud alikuwa bado kitandani, nywele zimemwagika juu ya mto wa kulalia. Alifumba macho. Kila mwigizaji anayesema hajali wahakiki wanaandika nini ni mwongo, na Kumud hakuwahi hata kujaribu kuusema uongo huo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake vipande arobaini na kimoja vya gazeti, vyote vimetiwa sahihi na mtu mmoja: Shridhar Agashe.

Maushi alivaa miwani yake, akakohoa kidogo ili aonekane msomi.

"'Katika mchezo wa Malkia Padmakshi Jumapili mchana, Bi Kumudini Tamhane ametukumbusha kwamba sauti haihitaji kupanda ndipo ifike mbali. Wimbo wa bustanini katika sehemu ya pili uliitwa tena mara nne, naye akaurudia kila mara kwa njia mpya, kama mtu anayewaambia marafiki wanne siri ile ile moja.' Hapo kasema kweli. Mara ya tatu hata mimi nilisahau pini mdomoni."

"Endelea."

"'Lakini aliyerudi nyumbani na wimbo wa bustanini peke yake amepoteza tiketi yake. Ukubwa wa mwigizaji huyu uko katika wimbo wa kuaga, sehemu ya tatu. Pale ambapo wengine hupaza sauti ili wapigiwe makofi, yeye alishusha. Aliimba kama mtu anayezima taa za nyumba yake, chumba baada ya chumba, na taa ya mwisho akatuachia sisi.'"

Maushi alisogeza gazeti karibu, akalisogeza mbali.

"Kumud. Wimbo wa kuaga?"

"Nimesikia."

"Jumapili hatukuuimba wimbo wa kuaga."

"Najua, Maushi. Ni mimi ambaye sikuuimba."

Kumud alifumbua macho akatazama dari. Ni kweli hawakuuimba. Watazamaji wa Pune wakisimama wakaita "Rudia!" huna budi kurudia, hiyo ndiyo ada na ndiyo heshima yao. Ila dakika zilizoliwa na wimbo wa kati hutolewa kwenye wimbo wa mwisho. Jumapili ile ukumbi ulitakiwa uwe mtupu saa kumi na moja, kampuni nyingine ilikuwa tayari mlangoni na makochi yao, na ule wimbo wa bustanini peke yake ulikuwa umekula karibu nusu saa. Kabla ya sehemu ya tatu mwenye kampuni, Nanasaheb, alikuja nyuma ya pazia akigonga saa yake kwa kidole. Wimbo wa kuaga ukakatwa. Malkia Padmakshi akaiaga dunia kwa sentensi mbili kavu, pazia likashuka.

"Basi kasinzia," alisema Maushi. "Wanaume wakishiba mchana husinzia. Ameota."

Kumud angeweza kukubali kwamba Shridhar alisinzia, kama si yale maneno. Kuzima taa za nyumba, chumba baada ya chumba: hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Alimwambia Shridhar siku kumi nyuma, walipokuwa wakinywa chai, jinsi mwalimu wake wa muziki alivyomfanyisha mazoezi miezi minane ili aushushe wimbo ule badala ya kuupandisha. Hakumwambia mtu mwingine hata mmoja. Sasa yalikuwa yamerudi kwake yamechapishwa, na yalimwambia jambo moja tu: mtu huyu hakuwepo.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Mara ya nne watu walipoita "Rudia!" sauti moja ilitoka kiti cha tatu, safu ya saba. Mhakiki hapigi kelele, hukaa akaandika. Katika miaka tisa ya kuandika habari zake Shridhar hakuwahi kuinua sauti ukumbini. Kumud aliisikia, akamwashiria mpiga kinanda aanze tena. Alijua fika kwamba akirudia mara ya nne wimbo wa kuaga utakuwa hatarini, na alirudia kwa ajili ya sauti ile.

Mchana Nanasaheb alipita mwenyewe, gazeti kwapani, uso unang'aa.

"Chumba baada ya chumba," alisema. "Nitayaandika kwa rangi nyekundu kwenye mabango ya safari yetu ya Sangli."

"Nanasaheb, wimbo haukuimbwa."

"Binti yangu, gazeti likisema uliimba, uliimba. Na waliokuwepo?" Alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Waliokuwepo watadhani walisinzia."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga, lakini hawakusema mgema afanyeje akisifiwa tembo ambalo hakuligema. Alipoachwa peke yake Kumud alikata habari ile kwa mkasi, akaishika, akashindwa kuitia sandukuni. Aliilaza dirishani, upepo ukaiangusha, akaiacha sakafuni.

Tuseme ukweli, alikuwa mpweke kuliko watu walivyodhani. Mwanamke anayepigiwa makofi na watu mia tisa Jumapili hurudi nyumbani na ufunguo wake mwenyewe kama mtu mwingine yeyote. Wazazi walikwisha kufa. Kaka yake wa Nashik aliacha kumwandikia siku alipopanda jukwaani. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na mtu pekee aliyemjua mpaka kwenye pumzi zake ni yule mwembamba mwenye wino kwenye mkono wa shati, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimwambia, "Ngoja kidogo, nitazungumza na Aai." Aai ndiye mama yake. Kidogo hicho kilikuwa hakijaisha.

*

Walikutana Jumatano saa tano asubuhi katika mkahawa wa Behram-sheth, Mwirani mzee aliyekuwa akiwapa meza ya pembeni bila kuombwa. Kumud alitangulia. Behram-sheth alikuwa amekwisha kuiweka ile habari chini ya kioo cha kaunta, karibu na mikate.

"Chai ya leo yangu, binti," alisema. "Mke wangu nimemsomea, kalia. Tena hajawahi hata kukuona."

"Ahsante, sheth."

"Wimbo wa kuaga, ah. Na mimi nilikuwa nimefungua duka."

"Hukukosa kitu, sheth," alisema Kumud, na mzee akacheka akidhani ni unyenyekevu.

Shridhar aliingia na mwavuli unaochuruzika. Alikaa, akamtazama kama alivyomtazama siku zote, kwanza macho, halafu mikono, kana kwamba anahakikisha hakuna kilichopotea. Kumud alichukia kuona kwamba mtazamo ule bado unampa joto.

"Umesoma?"

"Nimesomewa."

"Umeridhika?"

"Niambie wewe," alisema Kumud. "Gazetini umesema na watu wote. Sema na mimi. Wimbo wa kuaga uliusikiaje?"

Shridhar alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Uliniua," alisema kwa sauti ndogo. "Pale chini kabisa, mstari wa mwisho. Nilidhani pumzi imekukatika. Kumbe ulikuwa unatungoja."

"Na watu?"

"Kimya. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga makofi."

Alidanganya vizuri, maskini, kwa sababu alikuwa akieleza wimbo jinsi ulivyopaswa kuwa. Kwa muda mfupi Kumud alitaka kumwacha aendelee. Alitaka sana ukumbi ule unyamaze kweli, naye awe ameketi pale. Halafu akachoka.

"Shridhar, hatukuuimba."

Kijiko kikasimama.

"Uliita 'Rudia' mara ya nne. Niliijua sauti yako nikarudia. Muda ukaisha, Nanasaheb akaukata wimbo. Padmakshi kafa kwa sentensi mbili."

Shridhar alishusha kikombe kwenye kisahani polepole sana, kikagongana hivyo hivyo. Masikio yake yakawa mekundu. Kwenye kaunta Behram-sheth alikuwa akimwonyesha mteja mwingine kile kipande chini ya kioo.

"Ulikuwa wapi?"

"Kothrud."

"Kothrud kuna nini?"

"Kuna familia moja." Alitazama mvua nje. "Nilikwenda kula pohe."

Mjini mwao mwanaume asiye na mke akisema alikwenda na mama yake kula pohe kwa watu, Jumapili saa kumi, hahitaji kuongeza neno. Msichana huleta sahani ya pohe za moto, ule mchele uliopondwa na kukaangwa, kwa mikono miwili, macho chini. Mama wa mwanaume humuuliza kama anajua kushona. Mwanaume hutafuna, na kabla ya sahani kuisha wazee wamekwisha kujua kama kuna arusi.

"Zilikuwa nzuri?" aliuliza Kumud.

"Kumud, tafadhali."

"Nauliza tu. Wengine huzidisha ndimu."

"Zilikuwa na nazi. Sikumaliza."

"Anaitwa nani?"

"Vidula. Anafundisha hesabu shule ya wasichana. Ni mtu mwema, hana kosa."

"Sikusema ana kosa. Ulisema ndiyo?"

"Sikusema."

"Ulisema hapana?"

Shridhar aligeuza kijiko mezani, na Kumud akajua jibu kabla halijatoka.

"Sikusema kitu."

"Miaka sita," alisema Kumud taratibu, "nimekuwa nikingoja useme kitu. Nilidhani kwangu ndiko unakokosa maneno. Kumbe ndivyo ulivyo kila nyumba."

"Aai ana ugonjwa wa moyo."

"Moyo wa Aai ulikuwa mgonjwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ikawa arusi ya dada yako. Sasa umerudi kuwa mgonjwa tena. Anasema nini juu yangu? Sema yote, mimi hupakwa rangi usoni, sitaonekana nikigeuka rangi."

Shridhar alisugua paji la uso. "Anasema mwanamke anayetazamwa na wanaume mia tisa hawezi kuwasha taa mbele ya mungu wa nyumba yetu. Anasema ukiacha jukwaa, atafikiri."

"Atafikiri. Na wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia nitakuuliza."

"Basi niulize."

Alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama kile kioo cha kaunta ambako maneno yake yalikuwa yamelala na mikate.

"Siwezi," alisema. "Miaka tisa nimewaambia watu wa mji huu wanyamaze wakusikilize. Nitakuambiaje wewe ndiye unyamaze?"

"Huwezi kuniomba niache. Huwezi kumkatalia mama. Huwezi kumkubali mwalimu wa hesabu. Unaweza nini, Shridhar?"

"Kuandika."

"Hata hilo Jumapili limekushinda."

Neno hilo lilimwingia. Kumud aliona lilivyomwingia na hakufurahi hata chembe. Mkono wake ulitaka kuvuka meza ukashike ule mkono wa shati wenye wino, akaukalia mkono wake.

"Unajua kwa nini niliita 'Rudia'?" alisema Shridhar. "Nilijua nitaondoka. Aai alikuwa ananingoja kwenye teksi. Nilitaka niende na sauti yako masikioni. Sikujua itakugharimu." Akavuta pumzi. "Nitaandika masahihisho. Nitakiri kwamba sikuwepo."

"Usithubutu. Watasema mhakiki alihongwa, na aliyemhonga ni mimi, halafu watauliza mwigizaji humhonga mwanaume kwa kitu gani. Wewe utapata aibu ya wiki moja. Mimi nitakufa nayo."

Shridhar aliinamisha kichwa, maana ndivyo ilivyo.

Kumud alikumbuka siku moja miaka mitatu nyuma, kwenye meza hii hii. Shridhar alikuwa amemwambia akicheka kwamba mhariri wake ana sharti moja lisilovunjwa: mtu hamsifu wa nyumbani kwake. Kwa hiyo siku nitakayokutangaza kuwa wangu, alisema, utakosa mhakiki. Na Kumud akamjibu kwa madaha, nitastahimili. Walicheka mpaka Behram-sheth akawatazama. Lilikuwa jambo la karibu zaidi na posa aliloambiwa maishani, na alikuwa amelitunza kama watu wanavyotunza dhahabu ya mama.

"Jumapili tunaurudia mchezo ule ule, saa ile ile," alisema akisimama. "Nitauimba wimbo wa kuaga hata wakivunja viti. Kaa mpaka pazia lishuke. Sitaki jingine."

Shridhar hakusimama.

"Nini?" aliuliza Kumud.

"Jumapili watu wa Kothrud wanakuja kwetu. Saa kumi. Wanakuja kuchukua jibu."

Kumud alifunga ncha ya sari begani. Alijikaza kisabuni mpaka mlangoni, akamshukuru Behram-sheth kwa chai, na mvua ikamsaidia njiani, maana uso wa kila mtu ulikuwa umelowa.

*

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Walikuja kwa ajili ya wimbo wa kuaga, gazeti liliwatuma. Kabla ya sehemu ya pili Kumud alichungulia kwenye tundu la pazia, lile ambalo waigizaji wa vizazi vingi wamelipanua kwa vidole. Safu ya saba, kiti cha tatu. Hicho kilikuwa kiti cha mhakiki, hakiuzwi wala hakikaliwi na mwingine.

Kilikuwa kimekaliwa na mtu mnene asiyemjua, anatafuna karanga.

Nanasaheb amekigawa, alijiambia Kumud. Shridhar mwenyewe kamwambia haji, wakakigawa.

"Umeona nini?" aliuliza Maushi.

"Watu."

"Wote wapo?"

"Wapo mia tisa," alisema Kumud, "funga nywele."

Aliimba wimbo wa bustanini. Wakaita, akaurudia. Wakaita tena, viatu vikipiga sakafu, na Kumud akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa kampuni ile aliyewahi kulifanya. Alikusanya viganja kifuani, akainama, akatikisa kichwa. Ukumbi ukanung'unika. Mmoja akasema kwa sauti kwamba sifa zimempanda. Mpiga kinanda alimtazama kwa hofu, naye akamfanyia ishara ya kuendelea mbele.

Saa kumi ilimkuta amesimama jukwaani na taa ya shaba mkononi. Huko nyumbani kwa Agashe wageni walikuwa wamevua viatu. Aliwaza hivyo mara moja tu, halafu kinanda kikaanza.

Aliushusha wimbo. Alifunga mlango wa kwanza, wa pili, akapita vyumba vyote alivyowahi kungoja ndani yake, chumba cha mama, chumba cha kaka wa Nashik, meza ya pembeni, na katika kila kimoja alizima taa na hakutazama nyuma. Hakumwimbia mtu. Hilo ndilo mwalimu wake alilokuwa akilitafuta miezi minane na hakulipata, na sasa lilikuja lenyewe. Mstari wa mwisho ulipoisha ukumbi ulinyamaza, kimya kile kile ambacho Shridhar alikisimulia bila kukisikia. Yule wa karanga alikuwa akitazama saa.

Makofi yalipokuja yalikuwa mengi. Kumud aliyapokea, akavuliwa nywele, akaenda nyumbani.

Jumatatu hawakuwa na mchezo. Alifua, akaanika, mvua ikanyesha, akaanua. Alipika wali wa mtu mmoja. Kila hatua ngazini ilimfanya ashushe anachokishika, na kila hatua iliishia kwa wajane.

Jumanne Godu Maushi hakuingia kwa utani. Aliingia amefura.

"Nani huyu?" alisema akilitikisa gazeti. "Nataka nimjue, nikamtie pini."

"Soma."

"Sisomi takataka."

"Maushi, soma."

"'Mchezo wa Padmakshi ulianza kwa kuchelewa. Bi Tamhane aliimba vya kutosha. Alikataa kurudia wimbo wa bustanini, jambo lisiloonyesha heshima kwa waliolipa. Wimbo wa kuaga ulikuwa mrefu.'" Alivua miwani. "Mrefu. Basi, hakuna jingine. Mistari minne. Miaka tisa ya kutukuzwa, leo mistari minne kama tangazo la mbuzi aliyepotea."

Kumud alikuwa amekaa wima kitandani.

"Chini pana jina gani?"

"V. K. Sijui ni mdudu gani. Yule mnene niliyemwona kwenye kiti chake, si bure, wa karanga."

"Si Agashe?"

"Nimekwambia V. K. Agashe angeandika hivi? Agashe hata ukikohoa…"

"Rudia," alisema Kumud.

"Nirudie nini?"

"Yote. Rudia, Maushi."

Maushi alisoma tena, kwa hasira zaidi. Alipofika kwenye wimbo mrefu alisikia kitu akainua macho. Kumud alikuwa amefunika uso kwa mikono na mabega yanatetemeka, na bibi yule aliyemjua kwa miaka kumi na miwili hakuweza kuamua kama anacheka au analia.

"Mwanangu, usilie kwa ajili ya mtu wa karanga."

"Mhakiki hamsifu wa nyumbani kwake," alisema Kumud kutoka nyuma ya mikono. "Kanikosesha mhakiki, Maushi."

Godu Maushi hakuelewa hata kidogo. Alimshika mkono hivyo hivyo.

Kumud aliikata ile mistari minne kwa mkasi, kingo zimenyooka, akavuta sanduku la bati akaiweka juu kabisa ya vile arobaini na kimoja. Bado aliogopa. Mtu anaweza kuacha kuandika kwa sababu nyingi, hata kwa sababu ya arusi ya Kothrud.

Wajane waliita kutoka chini kwamba kuna mtu uani hataki kupanda wala kuondoka.

Alikuwa amesimama karibu na mfereji, mwavuli umefungwa ingawa manyunyu yalikuwa yanaanguka. Alikuwa hajanyoa. Mkononi alikuwa na kipande cha tiketi, na Kumud aliposhuka alimnyooshea kama mtu anayemwonyesha mkaguzi. Ghorofani, safu ya mwisho, nyuma ya nguzo.

"Nilinunua," alisema Shridhar. "Kile kiti kingine si changu tena. Jumamosi nilimwambia mhariri kwamba nina mtu wa nyumbani."

"Na jana ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda Kothrud. Nilimwomba msamaha mzee wake Vidula, na mwenyewe pia. Yeye alinisamehe, mzee hajanisamehe."

"Na Aai?"

"Wageni walipofika mimi sikuwepo. Walikula, wakasubiri, wakaondoka. Tangu Jumapili ananiwekea sahani yangu peke yangu jikoni. Hasemi na mimi. Huenda akasema, huenda asiseme. Sikuja kukudanganya, Kumud. Ukinikubali, utaingia nyumba ambayo haikusemeshi."

"Nimekaa katika nyumba kama hiyo miaka kumi," alisema Kumud. "Hii hapa." Akakitazama kile kipande cha tiketi, kimelowa, wino wake unaanza kuchuruzika. "Sasa utaandika nini?"

"Kriketi. Na bei ya vitunguu."

Wajane wawili walikuwa wameinama kwenye ukuta wa baraza bila hata kujificha. Godu Maushi alikuwa nyuma yao, pini mdomoni. Kumud alimsogelea Shridhar kiasi ambacho wangeweza kukisimulia mji mzima.

"Wimbo wa kuaga," alisema. "Nyuma ya nguzo. Uliusikiaje?"

Shridhar alifungua mdomo, na Kumud aliyaona maneno yakija, yale ya miaka tisa, yamejaa machoni mwake mpaka yakamwagika mashavuni. Kisha akaufunga mdomo, akatikisa kichwa.

"Siruhusiwi kusema."